Pata Pata, mzee wa kijiweni na tarumbeta ya askofu wa Masasi

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Mtwara mjini. Mwezi uliopita timu yetu ilishiriki shindano la chemsha bongo la muziki wa zamani. Tukaulizwa: mwaka 1968, msanii gani kutoka Afrika alishika namba moja kwenye chati za dunia? Tukajibu Miriam Makeba na Pata Pata. Tukaambiwa tumekosa, ni Hugh Masekela. Mzee mmoja hapa kijiweni kwetu anaapa kuwa Pata Pata ndiyo iliyokuwa juu, anasema aliisikia redioni kwa masikio yake. Nani yuko sahihi? Na kama yapo mengine ya miaka ile yanayowaangusha watu, tupe, maana mwezi wa kumi na mbili tunarudi ulingoni."

Marahaba, mwanangu. Waandaaji wamepatia jina, lakini swali lao lina kasoro. Mzee wenu naye hajasema uongo, kachanganya mambo mawili ambayo hata watunza santuri huyachanganya.

Jibu ni Hugh Masekela wa Afrika Kusini na kibao chake Grazing in the Grass. Katika chati ya Marekani ya tarehe 20 Julai 1968 kilipanda namba moja, kikakaa hapo wiki mbili, kisha kikaondolewa na kundi la The Doors. Hicho ni kibao cha ala tupu, hakina neno hata moja, na huenda ndiyo maana watu wengi wanaoujua mdundo wake hawajui jina lake. Ukisikia kengele ya ng'ombe inagongwa taratibu, gitaa linatembea polepole, kisha tarumbeta inaingia kama mtu anayerudi nyumbani jioni bila haraka, ndicho hicho. Mtunzi wake ni Philemon Hou, Mwafrika Kusini mwenzake, na mwendo wa kengele ile ulichotwa kwenye santuri ya ala tupu kutoka Zambia iliyoitwa Mr. Bull No. 4. Mwaka uliofuata kundi la The Friends of Distinction liliutilia maneno na kuuimba, ukafika namba tatu. Kwa hiyo ukiulizwa ni wimbo gani uliopanda chati bila maneno, kisha ukapanda tena na maneno, jibu unalo.

Pata Pata ilifika namba 12 nchini humohumo Marekani, Novemba 1967. Kwa msanii aliyeimba Kixhosa mbele ya wasikilizaji wa Marekani, namba 12 ni jambo kubwa mno, na mimi huumia nikisikia mtu akiitaja kama vile alishindwa. Ila namba moja haikuwa. Mzee wenu aliisikia kila siku, nami namwamini. Redio zetu hazikupiga nyimbo kwa kufuata chati ya New York. Zilipiga kile ambacho watu wa hapa walikipenda, na Makeba alipendwa huku kabla Pata Pata haijatoka, kwa sababu alikwisha kuimba Malaika kwa Kiswahili, tena akairekodi mwaka 1965 na Harry Belafonte katika albamu iliyotwaa tuzo ya Grammy. Halafu hilo jina lenyewe! Kwao maana yake ni gusa gusa. Masikio yetu yakasikia "pata, pata" na kulipokea kama letu. Ongeza kwamba Makeba na Masekela waliwahi kuwa mke na mume, kuanzia 1964 hadi 1966, utaona ni rahisi kiasi gani kumbukumbu ya mtu kumpa mmoja taji la mwenzake.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe, kijana wa Mtwara, una haki ya kulijua kuliko hata hao waandaaji.

Masekela alizaliwa Witbank mwaka 1939. Akiwa na miaka 14 hivi, mwanafunzi wa shule ya St Peter's kule Johannesburg, aliona filamu kuhusu mpiga tarumbeta, akatoka amepagawa. Pale shuleni alikuwapo padri Mwingereza, Trevor Huddleston, aliyekuwa akipambana waziwazi na ubaguzi wa rangi. Mtoto alikuwa mtundu na hakosi kesi. Padri akamuuliza anataka nini hasa maishani, mtoto akasema akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamtafutia. Wenzake nao wakataka ala, ikazaliwa bendi ya shule, Huddleston Jazz Band. Mwaka 1956, baada ya Huddleston kuondolewa Afrika Kusini, alipita Marekani, akakutana na Louis Armstrong na kumsimulia habari za wale vijana. Armstrong akatoa moja ya tarumbeta zake ipelekwe kwao. Ipo picha maarufu ya Masekela akiruka juu kwa furaha, tarumbeta hiyo mkononi.

Huyo Huddleston ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi. Alikuwa hapo kwenu kuanzia 1960 hadi 1968. Yaani mwaka uleule ambao mtoto aliyemnunulia tarumbeta alipanda kileleni Marekani ndio mwaka askofu alioagana na Masasi akaenda kuwa askofu wa Stepney, London. Wazee wa Masasi waliobatizwa au kupata kipaimara miaka hiyo, wengi wao mikono iliyowekwa vichwani mwao ndiyo iliyomkabidhi Masekela ala yake ya kwanza.

Na Armstrong mwenyewe? Aprili 1968, miezi mitatu hivi kabla ya Masekela, alishika namba moja Uingereza kwa What a Wonderful World, akakaa wiki nne, akiwa na miaka 66. Aliyetoa tarumbeta na aliyeipokea wakawa namba moja mwaka mmoja, kila mmoja upande wake wa Atlantiki. Nimekaa na santuri za miaka hiyo muda mrefu, na sijaona sadfa nyingine inayonigusa kama hii.

Hapo ndipo inapoonekana kasoro ya swali lenu. "Chati za dunia" mwaka 1968 hazikuwapo. Marekani kulikuwa na orodha ya nyimbo 100 ya jarida la Billboard, iliyoanza Agosti 1958 na kuchanganya mauzo ya santuri na kupigwa redioni. Uingereza magazeti kadhaa yalitoa kila moja orodha yake, mpaka Februari 1969 ilipopatikana chati moja iliyotambuliwa kuwa rasmi. Wimbo mmoja uliweza kuwa mfalme London na asiyejulikana New York. Huo wa Armstrong ndio mfano bora: Marekani, nchi yake mwenyewe, mkuu wa kampuni iliyoutoa hakuupenda, hakuutangaza, na inasemwa ziliuzwa nakala chini ya 1,000. Wamarekani waliujua vizuri baada ya kutumika katika filamu ya mwaka 1987, Armstrong akiwa ameshalala kaburini miaka 16.

Mwingine ni Lulu, binti wa Scotland. To Sir with Love ilishika namba moja Marekani wiki tano, Oktoba na Novemba 1967, na Billboard ikaiweka juu ya nyimbo zote za mwaka ule. Kwao Uingereza uliwekwa upande wa pili wa santuri, haukuingia kwenye chati kabisa. Mtu akikuuliza "wimbo wa Lulu uliovuma zaidi ulifika namba ngapi Uingereza," usikurupuke.

Hata The Beatles walinaswa na mtego huu. Februari 1967 walitoa santuri ndogo yenye Penny Lane upande mmoja na Strawberry Fields Forever upande wa pili, zote mbili zikihesabiwa kuwa upande wa mbele. Wapo wanaosema ndiyo santuri ndogo bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, nami sina hoja ya kuwapinga. Katika chati ambayo leo inahesabiwa kuwa rasmi Uingereza, iliishia namba mbili. Aliyewazuia ni Engelbert Humperdinck, mzaliwa wa Madras, India, kwa Release Me, wimbo wa mapenzi wa mtindo wa kizamani ambao mama zetu waliujua kwa moyo. Ulikaa juu wiki sita. Marekani, Penny Lane ikafika namba moja kwa wiki moja, na Strawberry Fields ikahesabiwa peke yake, ikaishia namba nane, kwa sababu Billboard ilitenganisha pande mbili za santuri. Desturi hiyo ilibadilishwa mwishoni mwa Novemba 1969, na wiki hiyohiyo Come Together na Something, pande mbili za santuri moja, zikaunganishwa na kupanda namba moja pamoja.

Swali jingine linalovunja timu nyingi ni hili: nani wa kwanza kushika namba moja akiwa marehemu? Ukiuliza kwa Marekani, jibu ni Otis Redding. Alirekodi The Dock of the Bay kule Memphis, Novemba 1967, akaongezea vipande vingine tarehe 7 Desemba. Siku tatu baadaye, tarehe 10, ndege yake ilianguka kwenye Ziwa Monona, Wisconsin. Alikuwa na miaka 26. Wanamuziki wake wa The Bar-Kays waliokuwa ndani nao walikufa, isipokuwa mpiga tarumbeta Ben Cauley. Steve Cropper, aliyeutunga wimbo ule pamoja naye, alilazimika kuumalizia studioni wakati rafiki yake hajazikwa, akaweka sauti za mawimbi na za ndege wa baharini. Ule mluzi wa mwisho ni wa Otis mwenyewe. Pale hakukuwa na maneno yaliyoandikwa. Machi 16, 1968 ukapanda namba moja, ukakaa wiki nne.

Kwa Uingereza jibu ni jingine kabisa: Buddy Holly, mwaka 1959. Na wa pale ambaye wazee wetu hawatakosa kumtaja ni Jim Reeves. Alifariki Julai 1964 katika ajali ya ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe karibu na Nashville, na Septemba 1966, zaidi ya miaka miwili baadaye, Distant Drums ikashika namba moja Uingereza na kukaa wiki tano. Marekani iliongoza chati ya kantri tu. Sauti ya Jim Reeves ilikaa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hasa Jumapili na wakati wa Krismasi, na nimewahi kuulizwa na watu wazima kama ni kweli alikuwa tayari amekufa walipokuwa wakimsikiliza. Ndiyo. Walio wengi walimjua akiwa amekwisha kufa.

Nikirudi kwa Otis: kabla ya kushika namba moja kwa sauti yake, alikwisha kuishika kwa kalamu yake. Respect, iliyompa Aretha Franklin namba moja kwa wiki mbili Juni 1967, ni utunzi wa Otis, naye aliutoa mwaka 1965. Kwa Otis ni mwanamume anayeomba heshima arudipo nyumbani. Aretha na dada zake wakaugeuza, wakatia kule kulitaja neno herufi kwa herufi ambako kwa Otis hakupo, na mwanamke ndiye akawa mdai. Watu husema ni "wimbo wa Aretha," nami sibishani nao. Ila kwenye chemsha bongo sikiliza kama umeulizwa mwimbaji au mtunzi.

Hilo la nani alitangulia linamhusu pia Marvin Gaye. I Heard It Through the Grapevine ilikaa namba moja Marekani wiki saba, Desemba 1968 hadi Januari 1969. Mwaka mmoja kabla, Gladys Knight na The Pips walikuwa wameufikisha wimbo huohuo namba mbili. Basi watu hudhani Marvin aliiga. Sivyo. Toleo la Marvin lilirekodiwa kabla ya la Gladys, na kabla ya wote wawili The Miracles walikwisha kuurekodi mwaka 1966. Bosi wa kampuni yao ya santuri, Motown, Berry Gordy, alilikataa la Marvin lisitoke kama santuri ndogo. Likachomekwa kwenye albamu, watangazaji wa redio wakaligundua wenyewe, na kampuni ikalazimika kulitoa.

Uangalie pia jina lililo kwenye lebo na sauti iliyo kwenye mfereji wa santuri, kwani si mara zote vinalingana. Sugar, Sugar ya The Archies, wiki nne namba moja Marekani na nane Uingereza mwaka 1969, ni ya bendi isiyokuwapo: The Archies walikuwa vikatuni vya televisheni. Aliyeimba ni Ron Dante, mwimbaji wa kukodiwa studioni. Na wimbo wa mwisho kushika namba moja Marekani katika miaka ya sitini, kwenye chati ya tarehe 27 Desemba 1969, ni Someday We'll Be Together wa Diana Ross na The Supremes. Ndiyo namba moja yao ya 12 na ya mwisho, ukachukuliwa na wote kuwa wimbo wa kuagana. Lakini Mary Wilson na Cindy Birdsong, wenzake Diana katika kundi hilo, hawamo ndani yake. Waitikiaji ni waimbaji wengine wa studio, na ile sauti ya kiume inayomtia Diana moyo ni ya Johnny Bristol, mmoja wa watunzi, ambaye maikrofoni ilimnasa akimwelekeza.

Kwa walioishia namba mbili, jambo moja tu la kukariri: kundi la Creedence Clearwater Revival. Walifikisha santuri tano namba mbili Marekani na hawakuwahi kupata namba moja hata siku moja. Mwaka 1969 pekee Proud Mary, Bad Moon Rising na Green River zote ziligota hapo. Uingereza, Bad Moon Rising ilikaa namba moja wiki tatu.

Na tarehe mbili ambazo hutozisahau ukizishika pamoja. Masekela alipanda tarehe 20 Julai 1968. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 20 Julai 1969, binadamu walitua mwezini, na wimbo uliokuwa namba moja Marekani siku hiyo ni In the Year 2525 wa Zager na Evans, unaozungumzia mashine zitakavyommaliza mwanadamu. Ulikaa juu wiki sita, ukashika namba moja Uingereza pia, kisha hao wawili hawakuingia tena kwenye chati ya Marekani wala ya Uingereza.

Kuhusu shindano lenu: alama hizo zimekwenda, msizililie. Ila mkirudi Desemba, swali lolote la "namba moja" likisomwa bila kutaja nchi, nyosheni mkono kabla ya kujibu na muulize: chati ya nchi gani? Mwandaaji anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Na mkiulizwa "Mwafrika wa kwanza," ulizeni pia kwa nchi gani, maana mwimbaji Danny Williams, mzaliwa wa Port Elizabeth, Afrika Kusini, alishika namba moja Uingereza na Moon River Desemba 1961.

Mzee wa kijiweni mpe salamu zangu. Mpigie Grazing in the Grass kwenye simu bila kumtajia jina, uone kama haitambui kwa ile kengele. Na kama ana ndugu Masasi wanaomkumbuka Askofu Huddleston, muombe awaulize kama aliwahi kuwasimulia habari za yule mtoto mtundu na tarumbeta yake. Wakikujibu lolote, niandikie.